Ghuba Haijafunguliwa, Baba

Mwaka umekamilika leo, Baba, tangu utuache katikati ya kazi. Wengine huandika kwamba marehemu aliwatoka ghafla. Wewe hukututoka ghafla. Hukufanya kitu chochote ghafla maisha yako yote; hata kupiga chafya ulikuwa unatangaza kwanza. Ulilala hospitali siku kumi na mbili, ukaondoka siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, baada ya kumwambia Mama aende akanywe chai kwanza.

Familia imekaa, imekubaliana kwamba mimi, kitinda mimba wako, ndiye niandike tangazo hili la kumbukumbu. Mama amesema niandike vizuri. Kaka amesema nisilete utani. Shangazi akasema, "Akiacha utani atabaki na nini huyo?" Kwa hiyo nitajaribu, Baba, lakini unanijua. Uliniita Redio tangu sijaota meno ya pili.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Watu walikuwa wengi. Mitumbwi yote ilishinda nchi kavu, imepinduliwa kifudifudi, na hakuna aliyeagizwa. Mama alilia. Shangazi alilia kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya ziwa. Kaka alilia akiwa amegeukia ukuta, kama mtu anayefunga zipu. Mimi sikulia. Nilihesabu viti. Vilikuwa mia moja arobaini na sita, na vitatu vilikuwa na mguu uliovunjika ukafungwa kwa waya. Watu walinipa pole, nikawajibu asante, kama mtu aliyepishwa mlangoni. Jirani mmoja alinong'ona, "Huyu mtoto ana roho ngumu." Si roho ngumu, Baba. Ni kama ukikalia mguu muda mrefu: ukisimama unajua una mguu kwa sababu unauona tu. Mwaka mzima nimeutazama mguu huo. Ganzi haijatoka.

Viatu vyako vya mpira bado viko mlangoni. Miaka thelathini na moja Mama alikugombeza uviondoe pale, ukawa unamjibu "sasa hivi," na hiyo sasa hivi yako ilikuwa ndefu kuliko kamba ya nanga. Wiki ya kwanza Mama aliviosha, akaviweka stoo. Kesho yake akavirudisha mlangoni. Kila asubuhi anavipiga teke akipita na ndoo, anasema, "Mwanaume huyu!" halafu anaendelea na shughuli zake.

Shangazi, dada yako, bado anakausha samaki kwenye tanuri lake la moshi nyuma ya nyumba. Zamani kila akigeuka ulikuwa unamchomoa samaki mmoja wa pembeni, unamla umesimama, halafu mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekamatwa. Naye alikuwa anapiga kelele: "Kuna paka mwenye ndevu katika nyumba hii!" Sasa anaweka samaki ishirini, anakuta samaki ishirini. Juzi alikaa mbele ya tanuri akasema, "Hata wizi umekwisha hapa. Nyumba gani hii?"

Ulikuwa mvuvi, ingawa Fundi, rafiki yako anayechonga na kuziba mitumbwi, alikataa katakata. Alisema mbele ya watu, "Huyu si mvuvi, huyu ni yaya wa samaki. Yeye analea, wenzake wanakula."

Ukamjibu, "Na wewe si fundi, wewe ni daktari wa meno. Unaziba tundu leo, kesho mtu anarudi ameshika shavu."

Miaka yote hiyo mlikuwa mnatukanana hivyo, na kila mmoja akimwekea mwenzake nafasi ya kukaa kivulini.

Tundu la wavu ulilipima kwa vidole vitatu. Mtu akinunua wavu mpya alikuja kwako kabla hajaulowesha, nawe unachomeka vidole. "Visipopita vitatu bila kuomba njia," ulisema, "hicho ni chandarua. Nenda kakilalie." Samaki wadogo walipaswa kupita. Hukuhubiri juu ya hilo, ulichomeka vidole tu.

Na wakati wa kuvuta mtumbwi kuupandisha mchangani ulikuwa na sheria moja: aliyeshika kamba amevua. Yeyote aliyeshika, hata kama alikuwa anapita tu, aliondoka na samaki. Yule mshona nguo aliijua sheria hiyo vizuri kuliko sote. Alikuja kila siku, akaigusa kamba kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akarudi kwenye cherehani yake. Kaka alitaka kumfukuza. Ukasema, "Mwache. Vidole viwili, samaki mdogo." Akapewa samaki mdogo, kila siku. Siku ya mazishi yako ndiye aliyeshona suruali yako nyeusi ikukae vizuri, na hakuna aliyemwomba.

Lakini wanaosoma hapa wanataka kusikia habari za ghuba, na huko ndiko ulikoishi. Niwaeleze wasioijua, wewe vumilia.

Mkono wa kulia wa mwalo, yaani pale tunapopandisha mitumbwi, kuna ghuba ndogo yenye matete pande zote. Mdomo wake ni mwembamba kama mlango wa chumba cha kupanga. Humo ndimo perege wanamoingia kuzaa. Jike la perege hatagi akaenda zake. Anabeba mayai mdomoni, na vifaranga vikianguliwa vinaendelea kukaa humo humo mdomoni, na siku zote hizo mama hali kitu. "Mwenzenu amefumba mdomo kwa ajili yenu," ulikuwa unawaambia wavuvi, "nanyi kunjeni nyavu."

Kila mwaka, baada ya mvua kubwa za kwanza, ulisokota kamba ya mafunjo ukaifunga kutoka ukingo huu hadi ule. Ikishafungwa, hakuna kasia linaloingia. Hakuna askari pale, hakuna kibao. Ni kamba ambayo hata bata anaipita kwa chini. Lakini wanaume wenye mabega na haraka zao walifika mbele yake wakageuza mitumbwi, kwa sababu babu yako aliifunga, na baba yako aliifunga, na wewe umeifunga. Ndiyo maana mwaloni walikuita Kufuli.

Kufunga kila mtu anaweza. Kazi ilikuwa kufungua. Hukutazama kalenda. Uliingia majini mpaka magotini, polepole, ukazamisha karai, ukamsubiri jike mmoja apite juu yake, ukaliinua pamoja na maji yake mwenyewe. Halafu hufanyi kitu. Unasubiri mpaka jike atulie. Akitulia anafumbua mdomo, na vifaranga vinatoka kama moshi wa sigara. Hapo ndipo unapopitisha mkono juu ya karai, kivuli chake kiguse maji. Vifaranga vikirudi mbio mdomoni mwa mama, bado. Vikitawanyika, kila kimoja na njia yake, vikajibanza ukingoni mwa karai bila kumtafuta mama, basi vimeshaijua dunia. Unajaribu majike watatu, katika pembe tatu za ghuba. "Mmoja anaweza kuwa mzembe," ulisema. "Wawili wanaweza kuwa mashoga. Watatu ni ushahidi."

Mimi nilikushikia karai tangu nina miaka kumi na miwili. Ulisema mikono yangu haitetemeki, inayotetemeka ni midomo.

Na sasa lazima niseme lile kosa langu, maana mambo yote ya mwaka huu yametoka pale. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Natoka shule, nimechoka na hesabu, nawaona wavuvi wamekaa juu ya mitumbwi wanapiga miayo. Nikapaza sauti: "Wametoka! Baba amesema wametoka!" Mitumbwi mitatu ilikuwa majini kabla sijamaliza kucheka. Wewe ulitoka bafuni na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni, ukaingia ziwani hivyo hivyo, ukashika pua ya mtumbwi wa mbele, ukaisukuma nyuma. Watu walicheka mpaka jua likazama. Wewe hukucheka. Hukunipiga pia.

"Umetangaza," ulisema. "Sasa kaa na tangazo lako."

Ukaniweka ukingoni mwa ghuba kila siku baada ya shule, na kila aliyepita akauliza "Wametoka?" nimjibu mimi mwenyewe, "Bado." Siku kumi na moja. Siku ya nne nilikoma kucheka. Siku ya saba nilianza kuona. Niliona majike wanavyosogea kina kifupi kuota jua, na siku ya mawingu wanavyorudi chini. Niliona kwamba maji ya chini yakiwa baridi, hesabu ya wiki haina maana, vifaranga vinachelewa. Siku ya kumi na moja nilikufuata kabla hujachukua karai nikasema, "Baba, leo." Ulijaribu majike watatu. Ilikuwa leo. Hukunisifu. Ulisema, "Nenda kaoge, unanuka tope."

Mwaloni walikumbuka siku ya kwanza. Ile ya kumi na moja tuliijua mimi na wewe.

Mwaka jana ulifunga ghuba ukiwa tayari unakohoa. Wiki ya pili ukalazwa. Nesi alijaza fomu akakuuliza, "Mzee, kazi yako?"

"Nafunga na kufungua."

"Ahaa, mlinzi."

"Wa samaki."

Akaandika "mlinzi" tu. Mpaka leo karatasi zako zote zinasema hivyo, na Mama amekataa zirekebishwe. Anasema nesi hakukosea sana.

Tulikuzika siku ya tano ya wiki ya nne tangu ghuba ifungwe. Wiki ya sita ilipofika, watu wakamgeukia Kaka. Ni haki yao. Yeye ndiye mkubwa, na ndiye nahodha wa mtumbwi wetu. Kaka alisema, "Baba alikuwa anafungua wiki ya sita. Wiki ya sita imefika." Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshaingia ghubani na karai. Sikuingia kwa uchungu wala kwa heshima, Baba. Niliingia kwa sababu miguu ilizoea. Mvua zilikuwa zimechelewa, baridi ilikuwa bado chini. Majike watatu. Kivuli. Vyote vilirudi mdomoni.

Nikaenda mwaloni nikasema, "Bado."

Walianza kucheka kabla sijafunga mdomo. "Redio imewaka!" "Jamani, leo bafuni atatoka nani?" Hata Fundi alicheka, Fundi ambaye tangu mazishi hakuwa amecheka, na nilipomwona anacheka nilinyamaza. Nilifikiri, acha apate hiyo moja. Kaka alinishika bega akasema taratibu, "Si leo, mdogo wangu. Utani wako tuutunze." Akakata kamba.

Nilikuwa kwenye mtumbwi wavu ulipoinuliwa. Majike walijaa. Perege akibanwa hutema alichobeba. Walitema, wote. Sakafu ya mtumbwi ilijaa vifaranga vyenye kitumbo cha njano, vile ambavyo hata macho yake hayajakaa vizuri, vinarukaruka kwenye maji ya kina cha kidole. Watu waliacha kuimba. Kaka alichukua kopo la kuchotea maji akaanza kuvirudisha ziwani, kopo baada ya kopo, haraka haraka, huku anasema, "Vitaishi, vitaishi." Havikuishi. Vilielea. Sikusikia hasira wala huzuni. Nilisikia soksi yangu imelowa.

Baada ya hapo samaki walipungua. Sisemi ni kwa sababu ya siku ile moja. Ziwa ni kubwa, na lina mambo yake. Nasema tu kwamba kuanzia mwezi wa tatu baada ya siku hiyo, mitumbwi ilirudi ikielea juu kama imebeba hewa. Shangazi alipunguza mabati ya tanuri kutoka matatu hadi moja. Mshona nguo aliendelea kuja kugusa kamba, na siku ambayo hapakuwa na cha kumpa aligusa, akatuaga, akaondoka. Kaka aliacha kuongea mezani. Alikuwa anakula kama mtu aliyetumwa.

Mwaka huu mvua zilikuja mapema. Kamba ya mafunjo tuliisokota mimi na Mama, Kaka akaifunga. Hakuna aliyebisha, kila mtu aliona aibu yake mwenyewe. Halafu wiki tatu zilizopita manahodha walikuja nyumbani, wamevaa mashati yenye kola, wakakaa sebuleni. Walikuja na wazo. Siku ya mwaka wako, yaani leo, ndiyo iwe siku ya kufungua ghuba. Mitumbwi yote kumi na moja itoke pamoja, samaki wa kwanza waletwe hapa nyumbani, watu wote wale. "Tumpe mzee heshima yake," alisema mkubwa wao. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kaka akakubali kwa niaba ya familia. Lilikuwa wazo zuri, Baba. Hata mimi nililipenda. Habari zikasambazwa, ndugu wa mbali wakaanza kufunga mizigo.

Siku sita zilizopita niliingia ghubani kujaribu. Majike watatu. Vilirudi mdomoni.

Nilikuwa bado nimeinama nikasikia mtu anakuja nyuma yangu majini, chubwi, chubwi, kila perege amekimbia. Kaka, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Kaka, unatembea kama ng'ombe aliyeitwa."

"Wamesemaje?"

"Bado."

Akasimama pale. Akatazama karai muda mrefu, kama ndilo lililomwudhi. "Karai hilo ni lako," akasema.

"Najua. Nimelibeba mwenyewe."

"Sikiliza, sitanii. Baba alisema. Hospitali, siku ya tisa, wewe ulikuwa umetoka kwenda kuchukua dawa. Alisema, 'Karai mpe Redio. Akisema bado, ni bado.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka. Nilidhani anatania. Nyinyi wawili mlikuwa hamna kauli ya kweli, mtu angejuaje?"

"Na baadaye?"

"Baadaye nilijua. Siku ile kwenye mtumbwi nilijua. Nikaona aibu, nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Mwaka mzima nimenyamaza, mdogo wangu."

Niliitafuta hasira, Baba, nakuapia. Niliitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, mfuko huu, mfuko ule. Haikuwepo. Nikamwambia, "Shika karai." Akashika. Nusu ya maji ikamwagika. Nikamwambia ashike vizuri.

Jana asubuhi tulijaribu tena, pembe zote tatu, kisha tukabeba karai la mwisho na jike wake mpaka mwaloni. Mitumbwi kumi na moja ilikuwa imepangwa, nyavu zimekunjwa ndani, mmoja umepakwa rangi mpya kwa ajili yako. Fundi alituona akasema, "Haya, Redio ina habari gani leo?" Watu wakaanza kutabasamu mapema, kama wanaokaa vizuri kwenye viti.

Kaka aliweka karai juu ya kreti. Alisema, "Kabla hajasema, niseme mimi. Baba alimwachia yeye karai hili. Aliniambia mimi kwa mdomo wake, nikaficha. Mwaka jana huyu alisema bado, mkacheka, nami nikakata kamba. Mliona nilichovua. Kwa hiyo leo asicheke mtu mpaka amalize."

Nilikuwa na utani tayari, Baba. Niliuandaa njiani, ulikuwa mzuri. Nilipofungua mdomo haukuja.

"Bado," nikasema. "Siku nane. Labda kumi. Maji ya chini ni baridi."

Nahodha mkubwa akatupa kasia mchangani. "Lakini kesho ni siku ya mzee! Watu wako njiani! Tutawaambia nini?"

Kwa kweli hilo ndilo lilikuwa swali. Mama alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Nilijua kwamba wakiingiza hata mtumbwi mmoja, basi hakutakuwa na kamba tena, si mwaka huu wala mwingine. Kitu kinachofunguliwa kwa sherehe mara moja kitafunguliwa kila mtu akipata sherehe yake. Na nilijua sina nguvu ya kushika pua za mitumbwi kumi na moja.

Fundi alisogea. Aliinama juu ya karai, akatazama vile vifaranga vimezagaa kama vumbi kwenye jua, akanyoosha mkono wake wenye kidole pungufu, akaupitisha juu ya maji. Vilirudi mdomoni mwa mama, vyote, kwa pigo moja la moyo. Jike akafumba mdomo. Maji yakabaki matupu.

Fundi akainuka. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Tukifungua kesho kwa heshima ya mwenye ghuba, yeye ndiye wa kwanza atakayetulaani." Akaenda kwenye mtumbwi uliopakwa rangi mpya, akaanza kuugeuza peke yake. Ulikuwa mzito. Mshona nguo akamfuata, safari hii akashika kwa mikono miwili. Kaka akafuata. Halafu nahodha mkubwa akaokota kasia lake, akasema neno ambalo sitaliandika hapa, akageuza wake. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka yote kumi na moja imelala kifudifudi.

Kaka alirudisha jike ghubani. Njiani kurudi nyumbani Mama aliniuliza, "Umejisikiaje walipokusikiliza?"

"Sijasikia kitu, Mama."

"Haya," akasema. "Hata mimi. Twende tukapike."

Kwa hiyo ndugu, jamaa na majirani mnaosoma hapa, karibuni leo nyumbani kuanzia saa nne. Njooni wote, wa karibu na wa mbali. Hapatakuwa na samaki wa ghubani. Kuna maharage, kuna wali, kuna samaki wachache wa tanuri la Shangazi, na kuna viti, nimeshavipanga. Wenye nyavu waziache kwao. Anayetaka kuiona ghuba atapelekwa mpaka ukingoni na ataitazama akiwa amesimama. Siku itakapofika tutawaita. Nitaita mimi, na Kaka ndiye atakayekata kamba.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye jana alisokota kamba ya akiba endapo hii itaoza kabla ya siku kumi. Unakumbukwa na mwanao mkubwa, nahodha, ambaye usiku amelala na leo ameongea mezani, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Unakumbukwa na dada yako mwenye tanuri. Unakumbukwa na Fundi, anayesema bado hujamlipa matusi mawili uliyobaki nayo. Unakumbukwa na wote walioshika kamba. Na unakumbukwa nami, mtoto wako wa mwisho, mwenye karai.

Tutakukumbuka kila ghuba ikifungwa, Baba, na tutakukumbuka kila ikifunguliwa. Katikati hapo tutakuwa majini mpaka magotini, tunasubiri. Daima.